Maiti Kwenye Kiti cha Mwandishi

Mwenyekiti alikutwa ameketi wima kwenye kiti cha Mwandishi, macho yamemtoka, upanga umepita kifuani ukakwama kwenye ubao wa nyuma. Kisogo chake kilikuwa kimebonyea kama debe lililokanyagwa na gari. Damu ilikuwa imeshuka shingoni, ikaloweka kola ya shati, ikakauka.

Mfanya usafi aliyemkuta asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, ndoo katikati ya miguu.

"Nilidhani anafanya mazoezi ya igizo lao," alimwambia Inspekta. "Wana mambo yao hawa. Nikamwambia, shikamoo mzee, nyanyua miguu nipige deki. Kimya. Nikapiga deki hadi kwenye soli za viatu vyake. Nilipolikamua dekio ndoo ikawa nyekundu."

"Uligusa kitu kingine?"

"Nilimgusa mkono, Afande. Wa baridi kama bomba." Akaanza kulia upya.

Inspekta alimshika bega, kisha akaingia ndani. Alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa macho, na vijana wa kituoni walimwita Bi Taratibu asipokuwapo. Sajenti wake, kijana mrefu asiyeweza kutulia, alikuwa ameshazungusha utepe mlangoni.

Nyumba ile ilikuwa ya Mwandishi kabla hajafa. Maisha yake yote aliandika mfululizo wa vitabu vinene juu ya nchi isiyokuwepo, nchi ya mawe yanayosema na wafalme wasiokufa. Watu walivipenda vitabu hivyo hadi wakaunda Chama cha Wasomaji. Chama kilikuwa na katiba, wimbo, majoho ya kijani na mtihani wa kujiunga. Kilichunguza maisha ya Mwandishi kama wengine wanavyochunguza nyota, na miwani yake, kalamu zake, hata mswaki wake, vilikuwa ndani ya kabati la kioo. Jumamosi iliyokuwa inakuja, nyumba ilikuwa ifunguliwe kuwa makumbusho.

Katibu wa Chama, mtangazaji wa redio, alifika akihema. Alipoiona maiti alijishika mdomo.

"Huu upanga ni wa nani?" Inspekta aliuliza.

"Wa Chama. Wa igizo la kila mwaka. Mfalme wa Kiza anachomwa akiwa kwenye kiti chake. Hivihivi."

"Marehemu alikuwa na ugomvi na nani?"

Katibu alitazama viatu vyake.

"Dada, mtu ameuawa. Sema."

"Makamu wake. Wiki iliyopita walishikana mashati kikaoni."

"Kisa?"

"Farasi."

"Farasi yupi?"

"Wa kitabu cha nne, Afande. Mwenyekiti alisema alifia vitani. Makamu akasema alitoroka. Wakarushiana vikombe. Makamu akamwambia, siku moja nitakukalisha kwenye hicho kiti ukiwa maiti."

Sajenti alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Alishawahi kuokota maiti ya mtu aliyeuawa kwa sababu ya kiti cha baa.

Daktari wa maiti alipomaliza, alivua glavu na kumvuta Inspekta pembeni.

"Kilichomuua ni kisogo. Amepigwa na chuma kirefu chenye kingo. Pigo la kwanza lilimwangusha. Yaliyofuata alipigwa akiwa chini, na aliyepiga hakujua kuacha. Fuvu limekuwa vigae."

"Na upanga?"

"Ulikuja baadaye. Jeraha la kifua halikutoa damu ya kulowesha hata leso. Moyo ulishasimama. Nadhani ni jana alasiri."

"Kwa hiyo alikuwa amekufa, akaburutwa, akakalishwa, ndipo akachomwa."

"Hivyo hasa. Mtu amemfanyia maigizo."

*

Makamu alikuwa daktari wa meno. Walimkuta kwenye kliniki yake, pande la mtu, mikono kama koleo, ameinamia mdomo wa mgonjwa.

"Daktari, weka chini hicho chuma," alisema Sajenti. "Uko chini ya ulinzi kwa mauaji ya Mwenyekiti wa Chama cha Wasomaji."

"Amekufa?" Uso wa Makamu ulipauka. "Nani kafa?"

Konstebo mmoja alimdaka mkono. Hapo Makamu akapandwa na wazimu. Alimrusha konstebo juu ya trei ya vifaa, akageuka na kumchapa wa pili ngumi ya mdomo. Sajenti alimrukia mgongoni. Wote wawili wakaangukia kabati la dawa, vioo vikamwagika kama mvua, na mgonjwa, pamba ingali mdomoni, akarukia nje kupitia dirishani. Ilibidi virungu vitumike. Makamu alipolazwa kifudifudi na kutiwa pingu, damu ilikuwa inamtoka puani, na yule konstebo wa pili alikuwa amepiga magoti akitafuta kitu sakafuni.

"Jino lake!" Makamu alipiga kelele. "Msilishike kwenye mzizi! Leteni maziwa, lioshwe kwa maziwa! Bado linarudi!"

Wakatazamana. Inspekta akaashiria kwa kichwa. Basi Makamu akalirudisha jino lile kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa pingu kwenye kiti cha wagonjwa, huku akimwomba konstebo radhi na kumwonya asitafune kitu kigumu.

Kituoni alikaa kwenye chumba cha mahojiano, pua imevimba. Inspekta aliweka picha za eneo la tukio mezani, moja baada ya nyingine. Makamu aliitazama ya kwanza akalia waziwazi, kama mtoto. Alipofika kwenye ile ya kiti, machozi yalikauka.

"Mjinga gani amefanya hivi?"

"Tunakuuliza wewe," alisema Sajenti.

"Upanga uko kushoto!"

"Ndiko moyo uliko."

"Moyo wako wewe! Mfalme wa Kiza moyo wake uko kulia. Ndiyo siri ya hadithi nzima! Watu wanamchoma kushoto, hafi, wanamchoma kushoto, hafi, mpaka anatokea kijakazi aliyelala kifuani pake na kuusikia unapodunda. Mimi nimuue Mwenyekiti, nimkalishe kwenye kiti, halafu nikosee upande? Afadhali mninyonge!"

"Unaweza kuwa umekosea makusudi," alisema Inspekta.

"Mwanachama yeyote? Hawezi. Mkono wenyewe ungekataa."

"Na anayelitazama igizo tu?"

Makamu alifikiri. "Huyo hawezi kujua. Mfalme anavaa joho zito, na taa zinazimwa kabla upanga haujafika."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natoa magego. Kulikuwa na foleni mpaka barabarani."

Muuguzi wake alithibitisha. Wagonjwa walithibitisha, mmoja kwa kutikisa kichwa tu, shavu limejaa. Makamu hakutoka kliniki tangu adhuhuri mpaka giza lilipoingia. Ikabidi aachiliwe. Inspekta alibaki na swali moja: ni nani aliyeijua nyumba ile, akajua upanga ulipotundikwa, akajua mfalme anafia kwenye kiti, lakini hajawahi kukifungua kitabu?

Alirudi nyumbani kwa Mwandishi, akamkuta Katibu akisubiri kwenye korido.

"Nani anaingia humu bila kuvisoma vitabu?"

Katibu aliudhika. "Hakuna, Afande. Kila mtu amefanya mtihani. Mimi mwenyewe nilirudia."

"Kila mtu?"

"Isipokuwa Binti, bila shaka. Binti wa Mwandishi. Yeye ni mlezi wa Chama. Nyumba hii ni yake, ametuazima. Huwa tunamweka mbele kwenye sherehe, tunampigia makofi. Nani atamtahini yeye?"

"Amevisoma?"

"Sijui," alisema. "Hatujawahi kumuuliza."

Mafundi wa maabara walikuwa wamenyunyiza dawa ya kufichua damu sakafuni. Mapazia yalipofungwa, korido iling'aa rangi ya buluu hafifu, mburuzo mrefu uliofutwa kwa haraka. Ulianzia mbele ya mlango mdogo chini ya ngazi.

"Hii ni nini?"

"Ilikuwa stoo," alisema Katibu. "Sasa ni Chumba cha Mawe. Ndio moyo wa makumbusho." Sauti yake ilipanda kidogo, kama yuko hewani. "Ile sura maarufu kuliko zote, mtoto anafungiwa pangoni, analia hadi mawe yanamhurumia na kumfundisha kusema. Mwandishi alisema wazo lilimjia akiwa amekaa hapa nje, kwenye kiti, usiku mwingi. Kila mwaka tunaisoma kwa pamoja. Hakuna asiyelia."

Pembeni mwa mlango kulikuwa na vishikio viwili vya chuma, vya kupitishia komeo. Komeo halikuwepo.

"Liko wapi?"

"Juzi lilikuwepo. Chuma kizito, hivi." Katibu alipima kwa mikono, kisha mikono ikaanguka yenyewe.

Inspekta aliwasha tochi, akainama, akaingia. Kuta zilikuwa za mawe matupu. Hapakuwa na dirisha, wala tundu. Alipougeuza mwanga kwenye upande wa ndani wa mlango, aliisogeza tochi karibu.

Rangi ya kijani ilikuwa mpya. Usawa wa kifua cha mtu mzima, ilikuwa imekwanguliwa hadi kwenye mbao, ikiwa na michirizi ya damu ya karibuni, na kwenye ufa mmoja kilikwama kipande cha ukucha. Lakini chini zaidi, usawa wa magoti, rangi ilikuwa na mabonde. Alichuchumaa. Chini ya rangi mpya kulikuwa na mikwaruzo mingine, ya zamani, mamia, iliyopishana na kukatana. Alitia ncha za vidole ndani yake. Vidole vyake vilikuwa vinene mno.

"Sajenti," aliita. "Chukua sampuli. Za juu na za chini. Halafu tafuteni hilo komeo, kila shimo, kila tangi."

Walilipata kwenye tangi la maji nyuma ya jiko.

*

Binti alikuwa na kitalu cha miche nje kidogo ya mji. Alikuwa mwanamke wa miaka ya hamsini, mwembamba, kofia pana kichwani, glavu nene mikononi. Kitanda chake kilikuwa barazani, kimetandikwa vizuri chini ya chandarua. Nyumba yenyewe haikuwa na mlango hata mmoja ndani yake, mapazia tu.

"Poleni na kazi," alisema. "Nimesikia. Mtu mwema yule. Mwalimu mkuu mstaafu, alipenda sana watu."

"Mara ya mwisho ulimwona lini, dada?"

"Sikumbuki. Kwenye kikao, nadhani."

"Jana?"

"Jana nilikuwa na miche yangu."

"Vitabu vya baba yako umevisoma?"

Mikono yake, iliyokuwa inapandikiza, ilisita. "Mimi si mtu wa kusoma."

Mvua ilikuja ghafla, kubwa, ya kupofusha. Watatu walikimbilia kwenye kibanda cha vifaa. Sajenti, aliyekuwa wa mwisho, aliuvuta mlango nyuma yake ili maji yasiingie.

Giza lilipowafunika, Binti alitoa sauti. Haikuwa neno. Ilianzia tumboni, ikapanda, ikajaza kibanda. Kisha akarukia mlango, na Sajenti alikuwa amesimama mbele yake. Mkasi wa kupogolea ulikuwa ukutani. Sajenti aliona chuma kikimulika, akainua mkono, na mkasi ukamchana kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Damu iliruka usoni mwake. Alimsukuma Binti, wakaangukia rundo la majembe. Mwanamke yule mwembamba alikuwa juu yake, anapiga, anapiga, mkasi ukigonga saruji karibu na sikio lake.

"Afande! Nisaidie!"

Inspekta hakumgusa Binti. Aliupiga mlango teke. Bawaba ziling'oka, mlango ukaangukia nje kwenye matope, mwanga na mvua vikaingia.

Binti alinyamaza papo hapo. Alitazama mkasi mkononi kama kitu alichookota njiani, akauachia. Akatoka nje, akasimama kwenye mvua, uso juu, anavuta hewa.

Inspekta alimfunga Sajenti jeraha kwa skafu yake, akaomba gari kwa redio. Kisha akatoka.

"Vua glavu, dada."

Binti alizivua. Kucha tatu hazikuwepo. Ncha za vidole zilikuwa nyama tupu.

"Una haki ya kukaa kimya," alisema Inspekta. "Chochote utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Tuna komeo. Tuna ukucha wako."

"Nimekaa kimya miaka mingi, Afande. Imenisaidia nini?"

Walikaa kwenye ukingo wa baraza, maji yakishuka mbele yao kutoka kwenye paa.

"Mama alifariki nikiwa mdogo," Binti alianza. "Baba akikwama kuandika, ananiita. Anasema, njoo umsaidie baba. Kwa upole, hakuwahi kunipiga. Ananiingiza stoo, anapitisha komeo, anavuta kiti, anakaa nje na karatasi zake. Mimi nalia, yeye anaandika. Nikichoka nikanyamaza, anagonga mlango ili nianze tena."

"Nilifika mahali nikaanza kuongea na zile kuta. Ningefanya nini? Akayasikia hayo pia. Akayaandika. Ndiyo hiyo sura wanayoililia."

"Mwenyekiti alijua?"

"Nilimwambia mimi. Wiki iliyopita. Nilimwomba ile stoo wasiifungue kwa watu, waizibe kabisa. Alinishika mikono, akalia, akasema pole mwanangu. Nikadhani nimepata mtu. Jana akaniita. Akanionyesha kibao cha shaba alichotengeneza cha kutundika mlangoni pa stoo. Akasema watu wana haki ya kujua, kwamba bila mateso yangu dunia isingekuwa na sura ile, kwamba tuishukuru stoo. Jumamosi alitaka nisimame humo ndani, niisome mbele ya wageni."

"Ukakataa."

"Nikakataa. Akasema, ingia kidogo tu, tujaribu sauti. Sijui kwa nini niliingia, Afande. Ile sauti ya upole. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikasikia komeo likipita."

Mvua ilikuwa imeanza kupungua.

"Nilimwita kwa jina. Nikapiga mlango. Unajua alifanya nini? Alianza kusoma. Kwa sauti, taratibu, kama mwalimu. Mimi napiga kelele, yeye anasoma, sura nzima, neno kwa neno. Alipofungua machozi yalikuwa yanamtiririka, komeo liko mkononi. Anacheka. Ananiambia, umesikia? Ni sauti ileile aliyoisikia baba yako!"

"Ukamnyang'anya komeo."

"Aligeuka kuchukua kitabu kilichomdondoka. Nilipiga mara ya kwanza ili anyamaze. Zilizofuata sikuwa nampiga yeye tena."

"Na upanga?"

Kwa mara ya kwanza Binti alimtazama usoni. "Nilitaka muwatafute wao. Wale wote wenye majoho. Wameisoma ile sura wakalia, wakafuta machozi, wakala keki. Mimi nimekaa mbele, wananipigia makofi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtoto yule alikuwa nani. Nilitaka angalau siku moja wakae kwenye kiti, waulizwe maswali."

Gari lilipofika, Inspekta alimketisha nyuma na kushusha kioo hadi chini. Pingu hakumvika mpaka walipofika getini. Kituoni aligombana na mkuu wa mahabusu mpaka Binti akawekwa kwenye chumba cha nondo kinachotazama uani, na sio seli ya ndani. Hilo tu ndilo lililokuwa mikononi mwake. Shtaka lilibaki kuwa mauaji, na kisogo cha Mwenyekiti kilikuwa kwenye jalada, picha kwa picha.

*

Jumamosi ilipofika, makumbusho hayakufunguliwa. Badala yake Katibu alipiga simu kituoni, akilia.

"Njooni haraka, Afande! Makamu amechanganyikiwa. Anaibomoa nyumba!"

Inspekta alikuta wanachama wamesimama uani na majoho yao, hakuna anayemsogelea mwenzake. Vishindo vilitoka ndani. Mlango wa stoo ulikuwa umetupwa nje kwenye jua, upande wake wa ndani juu, na watu waliuzunguka bila kuutazama sana.

Kwenye korido, Makamu alikuwa kifua wazi, mweupe kwa vumbi, plasta bado puani. Alikuwa na nyundo ya wavunja mawe. Nusu ya ukuta ilikuwa chini, na mwanga wa jikoni ulipita hadi kwenye kona za ndani kabisa.

"Mzuie!" Katibu alimshika Inspekta mkono. "Huu ni urithi!"

"Nyumba ni ya nani?" aliuliza Inspekta.

Katibu aliuachia mkono wake.

"Nilikwenda kumwona Binti mahabusu jana," alisema Makamu, bila kugeuka. "Nikamuuliza, tukufanyie nini? Akasema, kile chumba kivunjeni." Akapiga. Jiwe likabingirika hadi miguuni mwa Inspekta. "Mimi nimeikariri sura ile tangu nikiwa shule. Nimewasomea wanangu kitandani, wote watatu. Usiku, taa nimezima."

Inspekta aliinama, akalinyanyua jiwe kwa mikono miwili, akaenda kuliweka nje. Aliporudi alikuta Katibu amesimama palepale, joho lake limejaa vumbi.

"Lakini sasa," Katibu alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo redioni hakuna aliyewahi kuisikia, "ile sura tutaisoma vipi?"

Makamu aliinua nyundo juu ya kichwa.

"Soma," alisema. "Ukiweza."

Akashusha.